Wanaosoma Sana na Bado Wanaikataa Nadharia

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Umoja, Dandora na Kayole, kuna wasomaji wengi ambao chuo kikuu hakiwahesabu. Kuna mwalimu wa sekondari aliyefundisha Utengano, kisha Kidagaa Kimemwozea, kisha Chozi la Heri, na akifika nyumbani bado anafungua riwaya ambayo haimo kwenye silabasi. Kuna karani aliyeipenda Siku Njema ya Ken Walibora akiwa mwanafunzi, na tangu hapo hajaacha kununua vitabu vya mitumba. Kuna vijana wa rap wanaoweza kubishania mstari mmoja wa kundi la Kalamashaka hadi usiku wa manane. Hawa wote wanachambua, tena kwa makini. Lakini watajie nadharia za umuundo, udenguzi au usasaleo, na mazungumzo yanafia hapo.

Watetezi wa nadharia husema watu hawa hawaikatai, hawaijui tu. Wanaoikataa hujibu kwamba wanaijua vya kutosha, na walichokiona kimewatosha pia. Ukizisikiliza pande zote mbili unagundua kwamba zinagombania vitu tofauti vyenye jina moja. Huyu akisema nadharia ana maana ya mwongozo wa kidato cha nne. Yule anamfikiria mwanafalsafa Jacques Derrida. Mwingine anaikumbuka sura ya kwanza ya tasnifu yake ya uzamili na usingizi aliokosa kwa ajili yake. Vitu hivi visipotenganishwa, ubishi huu hauna mwisho.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime tunapoendelea. Upinzani huu una sababu za kweli, na nyingi kati ya hizo zilitengenezwa na shule na vyuo vyenyewe. Hata hivyo, anayedhani kwamba atabaki na usomaji safi usio na nadharia yoyote amekosea, na kosa hilo linamgharimu kuliko anavyojua.

Ilivyofika hapa

Tarehe 24 Oktoba 1968, wasomi watatu wa chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Hawakuwa wakiwachukia Shakespeare wala Dickens. Waliuliza kwa nini fasihi ya Uingereza ikae katikati na Afrika iwe pembeni ya masomo yake yenyewe, na wakataka fasihi simulizi ipewe kiti cha mbele. Hilo lilikuwa swali la nadharia tupu: fasihi ni nini, nani anaipima, na kwa kipimo gani? Walishinda. Mtoto wa Jericho au Kariobangi anayefundishwa leo kwamba vitendawili, nyiso na ngano za bibi yake ni fasihi sawa na riwaya iliyochapishwa anavuna matunda ya ugomvi ule, hata kama hajawahi kusikia habari zake.

Upande wa Kiswahili, ugomvi mkubwa ulikuwa wa ushairi. Wanamapokeo walisimama juu ya vina na mizani, na kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi kikawa nguzo yao. Miaka ya 1970 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, Mulokozi na Kahigi wakafuata na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, na swali la shairi ni nini likawagawa watu kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam. Huko Dar es Salaam, wahakiki wa mrengo wa Kimarx walikuwa wakiuliza kila kitabu kimesimama na tabaka gani.

Nchini Kenya, msamiati wa nadharia ulipata makao ya Kiswahili baadaye kidogo. Kimani Njogu na Rocha Chimerah walitoa Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu mwaka 1999. Kyallo Wadi Wamitila akaleta Uhakiki wa Fasihi mwaka 2002, na mwaka uliofuata kamusi nzima ya istilahi za fasihi. Kwa hiyo ile shutuma ya kwamba nadharia ni Kizungu tu imepitwa na wakati kwa zaidi ya miaka 20. Ugumu uliobaki ni wa aina nyingine.

Shule ndiyo iliyoanza

Chanzo kikubwa cha upinzani, kwa maoni yangu, ni karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Ina alama 80, inafanywa kwa saa mbili na nusu, na inagusa ushairi, fasihi simulizi, riwaya, tamthilia na hadithi fupi. Swali la kawaida linatoa dondoo kutoka kwenye kitabu teule. Eleza muktadha wake, alama nne. Taja tamathali iliyotumika, alama mbili. Fafanua sifa za msemaji. Onyesha jinsi maudhui ya ufisadi yalivyojitokeza, hoja kumi.

Mwanafunzi anajiandaa kwa swali hilo kwa njia inayoeleweka kabisa. Ananunua mwongozo. Ndani yake kila sura imefupishwa, kila mhusika amepewa orodha ya sifa, na kila mbinu imewekewa mfano na ukurasa wake. Sadfa, kinaya, jazanda, mbinu rejeshi, taharuki: vyote vimepangwa tayari. Wengine wanaukariri mwongozo kabla hawajafungua riwaya yenyewe, na wengine hawaifungui kamwe. Akikutana na kifo cha mhusika ambaye angemliza, swali linalomjia kwanza ni kama kifo hicho ni kinaya au sadfa, maana hapo ndipo alama zilipo.

Ni rahisi kuwalaumu walimu na watunga mitihani, lakini tazama wanachokibeba. Mwaka 2024 watahiniwa wa KCSE walizidi laki tisa. Karatasi zote hizo husahihishwa kwa wiki chache na watu wengi waliokaa kwenye meza tofauti. Bila orodha ya hoja zinazokubalika, mtoto wa shule ya kutwa ya Dandora angeweza kupewa alama kwa ladha ya msahihishaji, na ladha ya msahihishaji huenda ikampendelea anayeandika kama watoto wa shule kubwa za kitaifa. Mwongozo wa kusahihisha ni ngao ya mnyonge. Hiyo ni faida ya kweli na isidharauliwe.

Gharama yake nayo ni ya kweli. Mtoto anafundishwa kusoma kuanzia kwenye jibu. Na kile anachokariri ni mabaki ya nadharia mbalimbali ambayo wenyewe hawatajwi: mbinu za uandishi zimetoka kwa wanaumaumbo, sifa za wahusika zimetoka kwa wahalisia, na maudhui yana harufu ya uhakiki wa miaka ya 1970 uliotaka kila kitabu kitamke jambo kuhusu jamii. Mwanafunzi haambiwi kwamba hizi ni njia tatu zinazopingana za kukitazama kitabu, na kwamba watu wazima walikosana juu yake. Anapewa kama vile anavyopewa orodha ya ngeli. Miaka kumi baadaye, akisikia neno nadharia, anadhani ni orodha nyingine. Nani angemlaumu akikimbia?

Malalamiko manne ya watu wazima

Baada ya shule, upinzani unakomaa na kupata hoja zake. Naziona nne, na hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni lugha. Msomaji anafungua makala ya uhakiki na kukuta kila sentensi imebebeshwa istilahi tatu. Hoja hii inasikika sana lakini ndiyo dhaifu zaidi. Fundi wa magari wa Gikomba ana istilahi zake, muuguzi wa Hospitali ya Pumwani anazo zake, na hakuna anayewaambia waache. Istilahi ni halali pale inapofanya kazi ambayo neno la kawaida haliwezi. Lawama inabaki kwa mwandishi anayeirundika ili aonekane msomi, na waandishi wa namna hiyo, kusema kweli, si haba.

Ya pili ni nzito: nadharia kupachikwa juu ya kitabu. Katika vyuo vyetu, pendekezo la utafiti wa fasihi huwa na sehemu ya msingi wa nadharia katika sura ya kwanza, kabla mtafiti hajachambua hata ukurasa mmoja. Muundo huo unafanana sana na ule wa sayansi ya jamii, na una mantiki yake: unamlazimisha mtafiti aseme anatazama kwa jicho gani, ili msimamizi na mtahini waweze kumpima. Lakini matokeo yake yanajulikana. Mtafiti anachagua ufeministi au ubaadaukoloni, anaorodhesha mihimili yake mitano, kisha anapita kwenye riwaya akitafuta mifano mitano. Anaipata, kwa sababu mtu akitafuta mifano hakosi. Riwaya inatoka jinsi ilivyoingia, na nadharia vilevile. Karani wa Umoja aliyeisoma riwaya hiyohiyo mara tatu anaiona tasnifu hiyo na kujiuliza kama mwandishi wake aliipenda hata kidogo.

Ya tatu ni dharau. Watu wa mitaa hii wanakumbuka kwamba vitabu walivyokuwa wakipokezana miaka ya 1970, vya Charles Mangua na David Maillu, vilishutumiwa vikali na wahakiki wa chuo, marehemu Chris Wanjala akiwa miongoni mwao. Wahakiki walikuwa na hoja: waliona uandishi wa haraka, ngono ya kuuza na uchambuzi mdogo wa kinachowaumiza watu. Lakini waliosoma vitabu hivyo walisikia jambo jingine, kwamba ladha yao haina thamani. Na historia ya vitabu jijini haikuwasaidia kusahau. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia na kusoma hadi mwaka 1958. Msomaji ambaye babu yake alifungiwa mlango wa maktaba ana haki ya kuwa mwepesi wa kuhisi anafungiwa tena, safari hii kwa istilahi.

Ya nne ndiyo inayonigusa zaidi, nayo inamhusu mwandishi. Mwaka 1967 Mfaransa Roland Barthes aliandika kwamba mwandishi amekufa: maana ya kazi isitafutwe katika maisha wala nia ya aliyeiandika, iachiwe msomaji. Mwaka 1969, miaka miwili tu baadaye, Abdilatif Abdalla alihukumiwa kifungo kwa ajili ya karatasi iliyouliza Kenya inaelekea wapi. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Desemba 1977 Ngũgĩ alichukuliwa nyumbani kwake na kupelekwa Kamiti bila mashtaka, na humo akaandika riwaya kwenye karatasi za chooni. Alamin Mazrui naye akawekwa kizuizini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwambie msomaji wa Kaloleni kwamba haijalishi nani aliandika maneno yale wala alikuwa wapi. Atakuona mtu asiye na utu. Aprili 2020 Ken Walibora alipofariki baada ya kugongwa na gari katika barabara ya Landhies, pale unapoanzia kuingia Eastlands, watu waliolelewa na vitabu vyake walimlilia mtu, na kwao kitabu na mtu huyo havikuwa vitu viwili.

Wanachokosea

Hoja hizi zote zinapiga nadharia ikiwa imefundishwa vibaya, imetumiwa vibaya au imetumwa mahali pasipostahili. Hazithibitishi kwamba kuna kusoma kusiko na nadharia.

Chukua msomaji anayesema kwamba yeye husoma kwa ajili ya mafunzo tu. Anaona hiyo ni hali ya kawaida, kama kupumua. Lakini imani kwamba kitabu chema ni kile kinachoadilisha ina historia ndefu. Imo katika tenzi za pwani, imo katika hadithi za Shaaban Robert ambamo majina ya wahusika yenyewe yanatangaza wema na uovu wao, imo katika vitabu vya misheni. Ni nadharia kamili yenye vipimo vyake. Inaweza kusema mengi kuhusu Adili na Nduguze. Ikikutana na Nagona ya Kezilahabi ya mwaka 1990 inakwama, na msomaji anatupa kitabu akisema mwandishi amepotoka. Huenda kipimo ndicho kilichoshindwa. Mhakiki Terry Eagleton alieleza jambo hili vizuri mwaka 1983: mara nyingi anayeichukia nadharia amebeba nadharia ya zamani bila kuijua. Na iliyobebwa bila kujulikana haiwezi kukosolewa na mwenyewe.

Hata suala la mwandishi lina upande wa pili ambao wapinzani hawauoni kwa kuwa wanaishia kwa Barthes. Mwaka 1969, uleule aliohukumiwa Abdilatif, Mfaransa mwingine, Michel Foucault, alitoa mhadhara Paris akiuliza mwandishi ni nini. Moja ya hoja zake ni kwamba maandishi yalianza kuwa na waandishi wenye majina pale ambapo maandishi yalianza kuadhibiwa. Dola inataka jina ili ipate wa kumkamata. Soma hoja hiyo ukiwa umeikumbuka Kamiti. Nadharia iliyoonekana kumdharau mfungwa inageuka kuwa maelezo makali ya kwa nini alifungwa, na kwa nini karatasi isiyo na jina la mwandishi iliitia serikali wasiwasi. Msomaji wa Kaloleni angeikubali hoja hiyo kwa urahisi, lakini mtu aliyemletea nadharia alimletea nusu tu.

Na lile suala la dharau? Waliorudisha heshima ya fasihi pendwa walikuwa wananadharia pia. James Ogude na Joyce Nyairo walipohariri mwaka 2007 kitabu kuhusu utamaduni pendwa na fasihi ya Afrika Mashariki, walitegemea nadharia iliyoikataa ile ngazi ya fasihi ya juu na ya chini. Nyairo ameandika kwa kina juu ya muziki wa Kenya. Bila kazi ya namna hiyo, mashairi ya rap ya Dandora yangeendelea kuhesabiwa kelele, na Sheng ingeendelea kutazamwa kama uchafu wa lugha tu. Kwa hiyo chuo kilichofunga mlango ndicho kilichotoa pia watu wa kuufungua, nao walitumia nadharia kuufungua.

Mfano wa mwisho katika upande huu ninaupenda kuliko yote. Kimani Njogu, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu ushairi kama mazungumzo, alimchukua Mrusi Mikhail Bakhtin, aliyeamini kwamba kila tamko ni jibu kwa tamko jingine, na akamkutanisha na utamaduni wa kujibizana wa washairi wa Kiswahili. Washairi wa Mombasa walikuwa wakijibizana tangu zama za Muyaka bin Haji, zaidi ya karne moja kabla jina la Bakhtin halijafika huku. Bakhtin hakupachikwa. Alikutana na kitu kilichokuwa kikimngoja, na kila mmoja akaeleza jambo ambalo mwenzake hakulisema. Ukitoka hapo ukasikiliza vijana wawili wakitupiana mistari kwenye uwanja wa Dandora, unasikia kwamba wao nao wako katika ukoo huo.

Msichana aliyepotea Pumwani

Tuzipime hoja hizi juu ya kitabu kimoja kinachowahusu watu wa mitaa hii. Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye ilitoka mwaka 1986 na ikashinda Tuzo ya Sinclair. Macgoye alizaliwa Uingereza, akaja Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu vya misheni, akafanya kazi Pumwani na kuolewa na Mluo. Riwaya inaanza mwaka 1956. Paulina, msichana wa Kiluo wa miaka 16, anashuka kwenye treni Nairobi kumfuata mumewe Martin. Anapoteza ujauzito, na akitoka hospitali anapotea njia, hadi anaishia mikononi mwa polisi. Anapopatikana, Martin anampiga, akidhani alikuwa kwa wanaume.

Msomaji wa Majengo, hukohuko Pumwani, asiye na nadharia yoyote ya vitabu anakiona kipande hiki kwa uwazi wa ajabu. Anajua njia. Anajua kutoka kwa wazee wake kwamba miaka miwili kabla, Aprili 1954, wanajeshi wa Uingereza waliuzingira mji, wakaizoa mitaa ya Waafrika nyumba kwa nyumba na kuwapeleka maelfu kwa maelfu kizuizini. Anaelewa kwa nini Mluo mgeni asingepata wa kumwelekeza kwa moyo mweupe, na kwa nini polisi walikuwa kila kona. Mhakiki aliyekaa mbali angeweza kuvipita vitu hivi.

Usomaji mmoja wa kinadharia unamchukua Paulina kuwa Kenya yenyewe. Riwaya inakwenda kutoka 1956 hadi 1978, mwaka aliofariki Jomo Kenyatta, na matukio ya maisha yake yanagongana na matukio ya taifa. Mtoto wake Okeyo anauawa kwa risasi Kisumu mwaka 1969, wakati wa ziara ya rais. Mwishoni ana mimba tena. Usomaji huu haukutoka hewani. Macgoye aliupanga mwendo huo kwa makusudi na jina la kitabu linauunga mkono. Lakini msomaji wetu wa Majengo anaweza kuupinga, na ningesimama naye. Ukimfanya Paulina kuwa nchi, kipigo kinakuwa ishara, na Okeyo anakuwa jeraha la taifa badala ya kuwa mtoto wa mtu. Msichana anayetetemeka kituoni anatoweka ndani ya fumbo lake mwenyewe.

Upinzani huo, hata hivyo, tayari umeandikwa ndani ya nadharia. Florence Stratton, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu fasihi ya Afrika na siasa za jinsia, aliwashambulia waandishi na wahakiki waliozoea kumgeuza mwanamke kuwa mfano wa bara au taifa na kumnyima nafsi yake. Msomaji wa Majengo na mhakiki wa kifeministi wamefika mahali pamoja kwa njia mbili. Yeye alifika kwa kumhurumia Paulina, mhakiki akafika kwa kulinganisha vitabu vingi na kuona tabia inayojirudia. Huyu wa pili anaongeza jambo ambalo huruma peke yake haina: anaonyesha kwamba Macgoye si wa kwanza wala wa mwisho kukabiliwa na mtego huo, na anatuuliza kama aliuepuka. Nafikiri kwa kiasi kikubwa aliuepuka, kwa sababu Paulina anajifunza kazi, anajitegemea na kukua kwa kasi yake mwenyewe, na Martin ndiye anayebaki nyuma.

Uzito wa kila upande

Kutokana na mfano huo napata kipimo ambacho kinanisaidia kuliko swali la kama nadharia ni ya kigeni au ya kwetu. Je, kitabu kina nafasi ya kuikosoa nadharia? Msomaji akileta ukurasa unaoipinga, nadharia inasikiliza au inaueleza ukurasa huo mpaka uache kupinga? Bakhtin wa Njogu anasikiliza. Usomaji wa Paulina-kama-Kenya, ukiushikilia kwa ukaidi, hausikilizi. Tasnifu ya mihimili mitano haiwezi kusikiliza kwa sababu iliandikwa kabla ya kusoma. Mwongozo wa kidato cha nne haukuumbwa kusikiliza.

Kipimo hichohicho kinamhusu anayeikataa nadharia. Kama anasoma kwa mafunzo tu na kitabu kisichofunza anakiita kibaya, yeye pia ameziba masikio. Barbara Christian, mhakiki Mmarekani mweusi, alilalamika mwaka 1987 juu ya mbio za nadharia vyuoni, lakini hakusema watu wake hawana nadharia. Alisema siku zote wamefikiri kinadharia, ila wamefanya hivyo kwa hadithi, vitendawili na methali. Hoja yake inawafaa sana wasomaji wa Eastlands, nayo inawadai kitu. Vijana wanaobishania mistari ya rap wana vipimo: wanajua mstari mzito na mwepesi, wanajua nani kaiba na nani kajibu. Kalamashaka wenyewe, wimbo wao uliovuma mwishoni mwa miaka ya 1990 uliitwa Tafsiri Hii. Vipimo hivyo vikiandikwa, vikabishaniwa na kutumiwa juu ya vitabu vingine, hiyo ni nadharia iliyozaliwa Dandora. Visipoandikwa, vitabaki kuwa ladha, na ladha hushindwa mbele ya mtu mwenye kitabu.

Nani alipe gharama? Shuleni, usawa wa kusahihisha unalipwa kwa furaha ya kusoma, na anayelipa zaidi ni mtoto asiye na vitabu vingine nyumbani vya kumrudishia hamu hiyo. Matawi ya maktaba ya Kaloleni na Makadara yamekarabatiwa miaka hii kwa juhudi za shirika la Book Bunk, na hilo linapunguza kidogo pengo, kwa sababu huko mtoto anaweza kukutana na kitabu kisicho na mwongozo. Chuoni, ukali wa kitaaluma unalipwa kwa kukosa wasomaji nje ya ukumbi wa mitihani. Gharama ya kwanza ni ngumu kuiondoa kabisa maadamu watahiniwa ni wengi hivi. Ya pili inaweza kuondolewa hata kesho: msimamizi amruhusu mwanafunzi aandike uchambuzi wa kitabu kwanza, kisha aseme ni nadharia ipi iliyomsaidia na ni wapi ilimwangusha.

Kwa upande wa shule, nafasi iko mlangoni. KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 inatarajiwa mwaka 2027, na wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameshaanza kuingia sekondari ya juu. Watakaotunga mitihani yao ya fasihi wanaweza kubakiza maswali ya dondoo kwa ajili ya usawa na kuongeza swali moja la namna nyingine: mpe mtahiniwa fasiri mbili zinazopingana za kisa kimoja, amwambie msahihishaji ni ipi anayoikubali, na arudi kwenye kitabu kuonyesha kwa nini. Alama zitolewe kwa jinsi alivyokitumia kitabu, upande wowote atakaousimamia. Kusahihisha swali hilo kutachukua muda zaidi na kutahitaji walimu waliofunzwa kubishana, na fedha za kuwafunza hazina budi kutafutwa sasa, kabla ya muundo wa mtihani kuganda.